Ukitimuliwa jeshini, karatasi usiichane

  Wiki nyingi hapa tunapiga soga za mapenzi na viwalo, na nyie wenyewe ndio mnaotaka hivyo. Leo nawaomba mnivumilie, nina jambo la karatasi.

Karatasi yenyewe ni ile anayopewa mtu akitoka jeshini. Wengi wetu hatuifikirii kabisa. Kijana akipata nafasi ya kwenda ukuruta, mtaa mzima unajua, kuku anachinjwa, mama anapiga vigelegele. Akimaliza utumishi wake salama miaka ishirini na kitu baadaye, mtaa unajua pia, maana anakuja na mabati. Lakini yuko wa tatu. Huyu anarudi usiku, na basi la mwisho, begi moja begani, na ndani ya begi kuna karatasi inayosema ameachishwa kwa utovu wa nidhamu. Huyo mtaa unamjua kuliko wote wawili.

Na mtaa hauna haja ya kusoma karatasi ya mtu. Ukikaa kijiweni kwetu hapa Irente, pale njiani unapokwenda kwenye lile jabali ambalo wageni huja kupiga picha, utapewa habari za mtu mmoja kwa namna tatu kabla chai haijapoa. Wa kwanza atasema jamaa alimchapa afande ngumi. Wa pili atasema wapi, alifumwa na binti wa afande. Wa tatu, ambaye hata hamjui mwenyewe, atasema bunduki ilipotea. Na wote watatu wanaapa kwa Mungu!

Mimi msimamo wangu nautoa mapema. Kosa na karatasi ni vitu viwili. Kosa huenda lilitendeka, huenda lilitendwa na mwingine, huenda lilikuwa dogo likakuzwa. Karatasi yenyewe imeshaandikwa, na ndiyo atakayoisoma mwajiri, na ndiyo atakayoiulizia baba mkwe. Sasa vijana wengi wakishaipata, ama wanaichana kwa hasira, ama wanaificha kwa aibu. Ni wachache sana wanaouliza, hivi hiki kitu kinaweza kusomwa upya?

Kinaweza. Si mara zote, si kwa urahisi, na si kwa mtu aliyelala.

Kuna babu jirani yetu, alikuwa kwenye vita vya Kagera vilivyoanza mwaka 1978. Cheti chake cha kumaliza utumishi kiko kwenye fremu ya kioo, ukutani, juu ya redio, pembeni mwa picha ya harusi. Siku moja nikamchokoza, "Shikamoo babu, hivi kile cheti kina faida gani siku hizi?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa faida ya mguu. "Marahaba mjukuu wangu. Kila aliyenipa kazi nilipotoka jeshini alianza kwa kukisoma kile, ndipo akanitazama usoni." Akarudi kwenye redio yake, mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa yuko mshikaji mwingine, na ndiye aliyenitia hamu ya kuandika haya. Jina lake nabaki nalo, na chombo alichokuwemo sikitaji, maana nimesikia upande mmoja tu. Ni kijana wa huku huku milimani, umri wetu. Anasimulia kwamba dizeli ilipungua kwenye zamu yao. Walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa na maelezo yake, wa pili alikuwa na mjomba wake, yeye alikuwa na saini yake tu, ambayo aliambiwa aiweke chini ya maelezo yaliyokwisha kuandikwa, akaiweka. Wiki mbili baadaye akavuliwa gwanda.

Kama aliiba au hakuiba, hilo si la kijiwe kuamua, wala si la safu hii. Ninachojua ni yaliyofuata. Alipofika nyumbani alimwambia mama yake yuko likizo. Likizo gani hiyo ya miezi minne, jamani? Mama si mjinga, nadhani alishaelewa tangu mwezi wa kwanza, ila naye alikuwa anasubiri aambiwe. Kila asubuhi mshikaji anakunja shuka kijeshi, pembe kwa pembe, halafu anakaa mlangoni na kutazama ukungu. Aliomba kazi ya ulinzi kwenye nyumba moja ya wageni, akaulizwa cheti chake cha jeshi. Akajibu kiliungua. Akaambiwa basi alete barua kutoka kule alikokuwa. Hakurudi tena. Kulikuwa na binti pia, posa ilishapelekwa, na upande wa binti wakaanza kuuliza vimaswali, unavijua vile vya kuuliza huku mtu anamimina chai.

Nilimwomba anionyeshe karatasi. Alinizungusha wiki tatu. Mwishowe akaitoa, iko ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko uko ndani ya buti la jeshi. Nilitegemea kitu kirefu, kumbe mistari mitano! Dizeli haimo. Zamu haimo. Wale wenzake wawili hawamo. Yamo maneno "utovu wa nidhamu", tarehe na muhuri. Ukiwa mgeni ukayasoma maneno hayo, unaweza ukaweka kosa lolote unalotaka: wizi, ulevi, ubakaji, kuuza risasi. Hapo ndipo nilipoona noma ya hii kitu. Mtu akishtakiwa kwa kosa lenye jina anaweza kulijibu. Anayebeba neno la jumla anajibu makosa yote ya dunia.

Usidhani mikasa ya namna hii imeanza jana. Nchi yetu ilikuwa na miaka miwili tu ya uhuru na kidogo ilipokumbana nayo, tena kwa jeshi zima.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Walitaka mishahara ipande, na walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke, kwa sababu bendera ilishabadilika tangu 1961 lakini makamanda walikuwa wale wale. Wenzao wa Tabora wakafuata. Oscar Kambona, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya mambo ya nje na ulinzi, ndiye aliyekwenda kuzungumza nao. Tarehe 25 Januari makomandoo wa Uingereza, walioombwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe, walitua kwa helikopta kutoka meli iitwayo HMS Centaur, na ngoma ikaisha asubuhi hiyo hiyo. Kwa wasiojua, Colito ni mahali huko Ethiopia ambako askari wa Kiafrika wa mfalme wa Uingereza walipigana na Waitaliano mwaka 1941. Baadaye kambi ikaitwa Lugalo, kwa heshima ya pale Wahehe wa Mkwawa walipowachapa Wajerumani mwaka 1891. Hata kambi ilibadilishiwa karatasi yake!

Askari je? Jeshi likavunjwa. Waliotajwa kuwa vinara walifikishwa mahakama ya kijeshi, na aliyepewa kifungo kirefu kuliko wote alipata miaka 15. Tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi, na watu wakaandikishwa upya. Mimi siilaumu serikali ya wakati ule kwa kuvunja jeshi. Askari wakishamgeuzia rais wao mitutu, utawarudishiaje bunduki kesho yake? Lakini nawafikiria wale wa chini, waliopanda magari na kurudishwa makwao kwa kundi. Wale waliosimama mahakamani angalau kila mmoja alisomewa shtaka lake. Ndani ya batalioni mna wapishi, mna wapiga tarumbeta, mna mtu aliyelala na homa yake. Kundi halina zamu wala halina homa. Kundi lina jina moja tu, waasi.

Jirani zetu wa Kenya ndio waliotuonyesha mambo hayo yanavyoendelea miaka mingi baadaye. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa Jeshi la Anga la Kenya walijaribu kupindua serikali ya Rais Moi. Kinara wao alikuwa Hezekiah Ochuka, askari wa cheo cha chini, na utawala wake ulidumu kwa saa chache tu. Yeye na Sajini Pancras Oteyo Okumu walikimbilia hapa kwetu Dar es Salaam kwa ndege ya jeshi. Mwaka uliofuata walirudishwa Kenya, wakahukumiwa, na mwaka 1987 wakanyongwa. Jeshi la Anga lote likavunjwa, si waasi peke yao. Likaundwa jingine, likapewa jina lenye tarakimu 82 ndani yake, na jina la zamani halikurudi mpaka 1994. Mamia ya askari walifungwa. Wengine walishikiliwa, wakahojiwa, kisha wakaambiwa nendeni makwenu.

Humo ndani alikuwemo mkubwa wao mwenyewe, Meja Jenerali Peter Kariuki, kamanda wa Jeshi la Anga. Huyu hakushtakiwa kwa kuasi. Alishtakiwa kwa kushindwa kuzuia uasi, na mwaka 1983 mahakama ya kijeshi ikampa miaka 4. Fikiria, jana unapigiwa saluti na kila mwenye kofia, leo unavuliwa nyota unapelekwa jela. Wengi wangemaliza kifungo wakaenda kulima na kunyamaza. Yeye miaka mingi baadaye akaipeleka serikali mahakamani kwamba haki zake zilivunjwa. Mahakama Kuu ikampa fidia ya shilingi za Kenya milioni 7. Hakuridhika, akakata rufaa, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikaipandisha mpaka milioni 15.

Piga hesabu. Toka 1982 mpaka 2014 ni miaka 32. Mtoto aliyezaliwa siku ya jaribio lile alishaanza kuota kitambi. Na huyo ni jenerali, mtu mwenye shule, mwenye kujua mlango wa wakili uko wapi. Askari wa kawaida waliofungua kesi zao, hasa baada ya Kenya kupata Katiba mpya mwaka 2010, walipata majibu ya kila aina. Wako waliopewa fidia kwa kushikiliwa na kuteswa. Wako walioambiwa na majaji, mmechelewa mno, miaka yote hiyo mlikuwa wapi? Ni swali gumu kumwuliza mtu aliyekuwa anaogopa kivuli chake, lakini ndilo linaloulizwa.

Halafu angalia kitu kimoja hapo. Waliolipwa walilipwa kwa mateso na kwa kifungo. Hela ni hela, siidharau, mimi mwenyewe safu hii nalipwa kwa tabu. Lakini lile neno kwenye karatasi ni shughuli nyingine kabisa, na kulibadilisha kunahitaji mlango wake.

Waliojenga mlango huo ukawa na ofisi yake, meza yake na fomu yake ni Wamarekani. Kule mtu hatoki jeshini hivi hivi. Anatoka kwa daraja. Kuna kutoka kwa heshima, ambako ndiko kila mtu anakotaka. Chini yake kuna kutoka kwa kawaida, kama kusema ulifanya kazi lakini usituulize zaidi. Halafu kuna kutoka bila heshima ya kutosha, ambako hakuna hata kesi iliyosikilizwa mahakamani. Chini kabisa kuna madaraja mawili yanayotolewa na mahakama ya kijeshi, na la mwisho ni fedheha tupu. Ukiwa madaraja ya chini unakosa matibabu na ada za masomo wanazopewa maaskari wa zamani, na kila mwajiri anataka kuiona hiyo karatasi.

Lakini mwaka 1944, vita vikuu vya pili vikiwa bado vinapiganwa, sheria yao ikaanzisha bodi za kupitia upya madaraja hayo. Mtu ana miaka 15 tangu siku aliyotoka kuomba karatasi yake isomwe tena. Ikishapita hiyo, au kama daraja lilitolewa na mahakama ya kijeshi ya juu, iko bodi nyingine ya kusahihisha kumbukumbu za jeshi. Hii inataka uombe ndani ya miaka 3 tangu ulipoligundua kosa, ila ikiona haki inadai hivyo inaweza kulegeza. Muombaji anaweza kuonyesha kwamba utaratibu ulikiukwa, au kwamba adhabu ilizidi kosa. Mwaka 2014 waziri wao wa ulinzi, Chuck Hagel, alizielekeza bodi ziwaangalie kwa jicho la huruma wale waliovurugwa akili na vita, maana wengi, hasa wa Vietnam, walifukuzwa kwa utoro na ulevi kumbe walikuwa wagonjwa.

Msidhani nawasifia Wamarekani bure, nao wana madudu yao. Mwaka 1906 katika mji wa Brownsville, jimbo la Texas, risasi zilipigwa usiku, mhudumu wa baa akafa, na lawama zikawaangukia askari weusi wa kambi ya jirani. Hakuna aliyekiri, hakuna aliyemtaja mwenzake. Rais Theodore Roosevelt akawafukuza 167 kwa mpigo, bila heshima, bila kesi. Wengine walikuwa wamebakiza muda mfupi wapate pensheni. Wachache, 14 tu, waliruhusiwa kurudi jeshini miaka michache baadaye. Mwaka 1970 mwandishi John Weaver akatoa kitabu kilichoonyesha kwamba ushahidi ule ulikuwa na matundu kama chekecheke, mbunge Augustus Hawkins akalivalia njuga, na mwaka 1972 Jeshi likabadilisha karatasi zote 167 zikawa za heshima. Karibu wote walikuwa wameshakufa. Aliyebaki kuipokea yake kwa mkono ni Dorsie Willis, mzee wa miaka zaidi ya themanini, ambaye maisha yake mengi aliyapitisha kwenye kinyozi huko Minneapolis akifagia na kung'arisha viatu vya watu. Serikali ikampa dola 25,000. Alikufa mwaka 1977.

Kung'arisha viatu zaidi ya nusu karne kwa kosa ambalo hakuna mahakama iliyomkuta nalo! Mimi nikifika hapo huwa naweka kalamu chini kidogo.

Tena mambo hayo yanatugusa sisi Waswahili kwa karibu kuliko unavyodhani. Kuanzia mwaka 2008 Jeshi la Marekani lilikuwa na mpango wa kuwaandikisha wageni wenye lugha linazozihitaji, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Vijana wa Kiafrika ya Mashariki waliokuwa kule kwa masomo waliona zali la mentali: unavaa gwanda, unapata uraia haraka. Ila sheria ya uraia ule ina mkia. Ukitolewa jeshini bila heshima kabla hujatimiza miaka 5 ya utumishi mwema, uraia waweza kunyang'anywa. Mwaka 2018 vyombo vya habari vya kule viliripoti kwamba wageni kadhaa walioandikishwa kwa mpango huo walikuwa wanaachishwa ghafla, wengine bila hata kuelezwa sababu. Walikwenda mahakamani, na Jeshi likasimamisha zoezi hilo. Kwa hiyo kama una kaka yako kule na amevaa buti, mwambie aisome karatasi yake kabla hajaisaini. Ni maisha yake yale.

Haya, turudi nyumbani. Najua mtasema, hayo ya Marekani na fomu zao, je sisi? Sisi hatuna meza ya namna ile iliyowekwa maalumu, mtu anaingia na fomu anaomba daraja. Lakini hatuko mikono mitupu. Katiba yetu, Ibara ya 13, ibara ndogo ya 6(a), inasema haki ya mtu inapoamuliwa na mahakama au chombo kinginecho kinachohusika, atakuwa na haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Chombo kinginecho kinachohusika, imeandikwa hivyo.

Kwanza unaanza ndani kwa ndani. Unaandika kwa mkubwa aliye juu ya yule aliyekuachisha, kwa adabu, unaomba uamuzi upitiwe, na unabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Usiruke ngazi hii hata kama unaona ni longolongo, maana huko mbele ndilo swali la kwanza utakaloulizwa: njia za ndani ulizimaliza? Uamuzi wa chombo cha umma ukiwa umetolewa bila kumsikiliza mtu, Mahakama Kuu inaweza kuuleta mbele yake na kuutengua. Hayo ndiyo huitwa mapitio ya mahakama. Hapo hawapimi kama uliiba dizeli au hukuiba. Wanapima kama uliitwa, ukaelezwa shtaka, ukapewa nafasi ya kujibu, na kama aliyeamua alikuwa na mamlaka ya kuamua. Unaanza kwa kuomba kibali, na kibali hicho kinaombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi ulipotolewa.

Miezi sita! Huo ni muda wa mahindi kukomaa kwenye baridi ya huku kwetu. Ukiupitisha, unaweza kuomba uongezewe muda, lakini mahakama zetu zina msemo wake katika jambo hilo, kwamba mtu aeleze kila siku aliyochelewa. Kila siku. "Nilikuwa naona aibu" sijawahi kusikia ikipita.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza kazi mwaka 2001, nayo inapokea malalamiko dhidi ya vyombo vya umma. Na kwa asiye na hela ya wakili, tangu 2017 tuna sheria ya msaada wa kisheria, na wasaidizi wa kisheria wapo mpaka wilayani. Wengine utawakuta wanashughulika na mirathi na mipaka ya mashamba siku nzima, kwa hiyo nenda na karatasi zako zote, usiende na hadithi. Barua ya kuandikishwa. Barua ya sifa kama uliwahi kupewa. Karatasi ya hospitali kama ulikuwa mgonjwa siku wanayoisema. Ratiba ya zamu kama unaweza kuipata, na majina ya waliokuwa na wewe. Nyie mnaotoka kidato cha sita mnaokwenda JKT, Maramba au Mgambo au popote, hata cheti chenu kile cha miezi michache msikifanye kifungio cha karanga.

Kuna watakaonirushia mawe hapa. Watasema, kwa hiyo wewe unawatetea wezi na walevi? Jeshi bila nidhamu si jeshi, ni genge lenye bunduki, na anayempiga raia au kuuza mali ya nchi atimuliwe tena leo. Mimi nasema atimuliwe kwa kosa lake, lenye jina lake, baada ya kujibu. Na kama alikuwa na miaka 19, akatoroka kambini siku mbili kwenda kumzika bibi yake, sioni kwa nini neno lile lile alilopewa muuza risasi liwe lake mpaka anazeeka. Kusoma upya si kufuta. Wakisoma upya wakakuta kweli uliiba, utarudi na karatasi ile ile, na kijiwe kitakuwa sahihi kwa mara ya kwanza.

Mshikaji wangu ilibidi nimwambie haya mara tatu. Mara ya kwanza alikasirika. Mara ya pili alisema wakubwa hawapingwi. Mara ya tatu akauliza, "Hiyo miezi sita inahesabiwa kuanzia lini, siku waliyoandika au siku niliyofika nyumbani?" Siku ya uamuzi, nikamwambia. Akaitoa tena kwenye buti, tukaisoma tarehe pamoja, tukahesabu kwa vidole.

Usiku ule akamwambia mama yake. Sikuwepo, ila najua kwamba mama hakulia. Alikwenda chumbani akarudi na bahasha ya kaki, ndani yake kuna barua zote ambazo mwanawe aliwahi kumletea kutoka kambini, pamoja na moja ya sifa, yenye saini ya mkubwa wake wa kwanza, ambayo mwenyewe alishaisahau kabisa. Mama haijui hata iliandikwa nini, aliitunza kwa sababu ya muhuri.

Barua ya kuomba uamuzi upitiwe ilipigwa chapa Lushoto mjini, nakala tatu, na moja imerudi imegongwa kwamba imepokelewa. Majibu bado. Leo ni miezi mitano na siku tatu. Jumatatu anapanda basi la alfajiri, anashuka Mombo, anaunga mpaka Tanga kumwona msaidizi wa kisheria na kuulizia Mahakama Kuu iko mtaa gani. Nauli ya kwenda anayo. Ya kurudi tunaichangishana hapa kijiweni, na yule wa bunduki iliyopotea ndiye aliyetoa nyingi kuliko wote.